Nundu na Fundo: Maneno ya Kiswahili katika Elimu ya Minyoo wa Mizizi na Maadui Wao wa Asili

Mkulima wa Matambarale ang'oapo shina la karanga, miezi miwili baada ya kupanda, huweza kuona mizizini uvimbe wa namna mbili. Namna ya kwanza ni vijipele vya mviringo vilivyokaa ubavuni mwa mzizi. Vikisuguliwa kwa kidole gumba huanguka, na vikipasuliwa, aghalabu ndani yake huonekana wekundu. Namna ya pili ni mzizi wenyewe uliovimba. Uvimbe huo hauondoki kwa kusuguliwa, na mtu akiulazimisha, mzizi hukatika. Vijipele vya kwanza ni makazi ya bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Uvimbe wa pili ni kazi ya minyoo wadogo mno walioingia ndani ya mzizi ili waule.

Basi cha kwanza ni akiba na cha pili ni ugonjwa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku vyote viwili huweza kuitwa kwa neno lilelile, ama vifundo, ama vinundu. Hapo ndipo lugha inapogusa chakula cha watu. Bwana shamba akisema, "Ng'oeni mimea yenye vifundo, mkaichome," mkulima msikivu huenda akachoma karanga zake zilizo bora. Akisema tena siku nyingine kuwa vifundo ni mbolea ya bure, mkulima huyo huenda akaiacha ardhini mizizi iliyojaa mayai ya minyoo, kisha akapanda nyanya papo hapo. Makala haya yanaeleza minyoo hao ni viumbe gani, na ni kwa njia zipi za asili wanavyoweza kupunguzwa. Kadhalika yanaonyesha kuwa njia hizo hazifundishiki vema mpaka maneno yake yatenganishwe.

Mahali na mazao

Matambarale imo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi Ruangwa ilipofanywa wilaya mbali mwaka 1995. Wenyeji wa wilaya hizi mbili husema Kimwera, Kiyao, Kimakua na Kimakonde pamoja na Kiswahili. Mazao yao ni korosho, ufuta, mbaazi, karanga, njugu mawe, choroko, kunde, mihogo, mahindi na mtama. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei; baada yake huja kiangazi kirefu, na kilimo cha nyanya, bamia na mboga nyingine huhamia mabondeni penye unyevu.

Jina la Nachingwea limefungamana na karanga tangu zamani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga, uliokusudiwa kulima ekari zipatazo 3,210,000, nyingi kati yake katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1951, fedha zikiwa zimepotea kiasi cha paundi milioni 36. Minyoo sio walioushinda. Ulishindwa kwa uchache wa mvua, ugumu wa udongo, mitambo isiyofaa na maradhi ya mimea. Na zaidi ya yote, kwa sababu ardhi ilifyekwa kabla haijajulikana. Baadaye kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilitoa mbegu za karanga zinazofaa nchi za kusini, na mojawapo ikaitwa Nachingwea 2009. Somo la mpango ule halijachakaa: anayetaka kulima hana budi kuujua udongo pamoja na viumbe waishio ndani yake.

Kiumbe chenyewe

Wataalamu wa elimu ya viumbe huwaita minyoo hawa nematodi, jina lililotolewa katika neno la Kiyunani nema, maana yake uzi. Si jamaa wa nyungunyungu, ambaye mwili wake una pingili na kazi yake ni kuulainisha udongo. Nematodi wengi sana hawali mimea kamwe. Hula bakteria, kuvu na hata nematodi wenzao, nao husaidia udongo kuozesha majani ukayafanya rutuba. Walao mimea ni sehemu tu ya jamii hiyo, nao hujulikana kwa mdomo wao, wenye kijimwiba chenye tundu kama sindano ambacho hutoboa ukuta wa seli na kufyonza yaliyomo.

Katika hao, wenye madhara makubwa kwa nchi za joto ni wa jenasi Meloidogyne. Mwaka 1855 Berkeley alieleza uvimbe waliousababisha katika mizizi ya matango Uingereza. Baadaye Treub aliwaeleza katika miwa ya Java mwaka 1885, Neal katika karanga za Florida mwaka 1889, na Goeldi katika mibuni ya Brazili, naye ndiye aliyeliunda jina la jenasi. Jina hilo nalo ni la Kiyunani, na maana yake ni jike lenye umbo la tofaa. Kwa muda mrefu wote walidhaniwa kuwa spishi moja, mpaka mwaka 1949 Chitwood alipowatenganisha. Utengano huo una faida kubwa kwa mkulima, kama itakavyoonekana hapa chini.

Maisha yao ni haya. Mtoto wa mnyoo, mwenye urefu wa nusu milimita au pungufu, hutoka katika yai na kuogelea ndani ya maji membamba yaliyoshikwa na chembe za udongo. Akifika karibu na ncha ya mzizi hupenya, hutulia mahali pamoja na kutoa mate yanayozilazimisha seli chache kukua kupita kiasi, ziwe hori la kumlisha. Seli za pembeni nazo huongezeka, na mzizi huvimba. Jike hunenepa akawa kama peari, hana tena uwezo wa kwenda, kisha hutaga mayai mia kadhaa katika ute ulio kama uji mzito. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28 za Sentigredi, mzunguko huu humalizika kwa muda wa wiki tatu au nne. Basi msimu mmoja wa mvua huweza kuona vizazi vitatu au vinne, kila kimoja kikizidisha cha kabla yake.

Mmea ulioshambuliwa hunyauka mchana ijapokuwa udongo una maji, huwa njano na hudumaa. Katika karanga, spishi zinazoishambulia huvimbisha hata maganda. Mkulima aghalabu hulaumu jua au uchovu wa ardhi, kwa kuwa adui hamwoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilacho ki mzizini.

Nundu na fundo

Kiswahili kina maneno ya kutosha kueleza jambo hili. Kinachotakiwa ni kuyagawia kazi. Neno nundu hutumika kwa kilima kilicho mgongoni mwa ng'ombe. Ni kitu kilichoongezeka juu ya mwili, nacho ni akiba, kwa maana ng'ombe aliyeshiba hujulikana kwa nundu yake. Neno fundo ni la ukoo mwingine, nalo huenda pamoja na kitenzi funga. Fundo la kamba si kitu kilichobandikwa juu ya kamba, bali ni kamba yenyewe iliyojikunja. Vilevile mtu mwenye kinyongo husemwa ana fundo moyoni, yaani kitu kilichokwama kisichotoka.

Maana hizi za asili zalingana kabisa na hali ya mizizi. Makazi ya bakteria wa naitrojeni yamebandikwa ubavuni mwa mzizi, nayo ni akiba. Hayo yafaa kuitwa nundu, au vinundu kwa udogo wake. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliojikunja na kuziba, hata maji hayapiti sawasawa. Huo wastahili kuitwa fundo. Tena jina minyoo fundo limekwisha kuingia katika mafunzo ya kilimo. Umbo lake ni la nomino mbili zilizowekwa sambamba bila kihusishi, kama askari kanzu na bata mzinga. Halina kasoro, mradi neno fundo lisitumike tena kwa vile vijipele vyenye manufaa.

Neno mnyoo lenyewe lahitaji uangalifu. Katika matumizi ya kawaida ni mnyoo wa tumbo, ambaye dawa yake hunywewa mara moja akatoka. Mkulima anayesikia kuwa shamba lake lina minyoo huingiwa na wazo hilohilo: iko dawa, itamwagwa, minyoo watakwisha. Neno funza halifai hata kidogo, kwa kuwa funza huweza kuwa kiluwiluwi cha mdudu, nao minyoo hawa hawawi wadudu kamwe. Kuhusu upatanisho, mnyoo kwa umbo ni wa ngeli ya m-/mi-, lakini ni kiumbe hai. Kwa hiyo afadhali kusema minyoo hawa wameingia kuliko minyoo hii imeingia. Upatanisho huo humkumbusha msikiaji kuwa anashughulika na viumbe walao, wazaao na walio na maadui.

Dawa, kuua na kudhibiti

Dawa za viwandani za kuua nematodi zilikuwako, tena kali. Iliyojulikana kwa herufi DBCP ilitumika sana katika mashamba ya nchi nyingi, mpaka mwaka 1977 ilipogunduliwa Kalifonia kuwa imewafanya wanaume walioitengeneza wasiweze kuzaa. Gesi ya methili bromidi, iliyokuwa ikifukizwa ardhini kabla ya kupanda, iliwekwa chini ya Mkataba wa Montreal kwa sababu huharibu tabaka ya ozoni. Nchi tajiri zilitakiwa kuiacha kufikia mwaka 2005, na nchi zinazoendelea mwaka 2015, isipokuwa kwa kazi chache maalumu. Tena dawa za namna hii huua bila kuchagua. Baada yake udongo hubaki hauna walinzi, na minyoo wachache waliosalia huzaana pasipo kizuizi.

Njia za asili hazifanyi kazi kwa namna hiyo. Haziwamalizi minyoo, bali huwaweka katika idadi ambayo mmea waweza kuistahimili. Kwa hiyo kitenzi chake si kuua, wala si kutibu. Kitenzi kudhibiti, maana yake kushika na kuzuia kisichopoka, ndicho kinachofaa. Mkulima aliyeahidiwa kuua, akaona minyoo wangalipo, huiacha njia nzuri akiiona ya uongo; aliyeahidiwa kudhibiti atahesabu mafundo mwaka hata mwaka na kuona kama yanapungua.

Njia ya kwanza ni kubadilisha mazao, na hapa ndipo utengano wa spishi unapoonyesha faida yake. Spishi iitwayo Meloidogyne incognita hushambulia nyanya na bamia, lakini katika karanga haizai. Shamba lenye spishi hiyo peke yake, likipandwa karanga, hupunguza minyoo. Lakini Meloidogyne arenaria, na baadhi ya minyoo wa Meloidogyne javanica, huzijia karanga zenyewe. Ufuta nao, ulio zao kubwa la Ruangwa na Nachingwea, huipinga sana incognita, ila haiizuii javanica kwa kadiri hiyo. Hivyo basi ushauri "pandeni karanga" au "pandeni ufuta" waweza kuwa tiba katika shamba moja na sumu katika shamba la jirani. Ishara yenyewe iko shambani. Karanga zikiwa na mafundo, zisitumiwe kuisafisha ardhi; zikiwa na nundu tupu, na nyanya za mwaka uliopita zilikuwa na mafundo, yaelekea karanga zitasaidia.

Njia ya pili ni mmea mtego, yaani mmea ambao minyoo huuingia wasiweze kukua ndani yake. Mashuhuri katika Tanzania ya kusini ni marejea, wa jenasi Crotalaria, ulioenezwa sana na Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, katika miaka ya 1980. Umbo la jina hilo ni la kitenzi rejea, nalo laafikiana na kazi yake, maana mmea huu huirudishia ardhi rutuba. Marejea una nundu, kwa kuwa ni wa jamii ya kunde, na kwa minyoo fundo ni mwenyeji mbaya. Si kila mmea wa kurutubisha ardhi ulio na sifa hii ya pili. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa miti ya Sesbania sesban, iliyopandwa kupumzisha ardhi, iliongeza minyoo fundo hata maharage yaliyofuata yakadhurika. Mimea ya Crotalaria iliwapunguza. Mmea wenye nundu waweza pia kuwa na mafundo, na ni macho tu yatakayovitambua, yakiongozwa na maneno mawili yasiyochanganywa.

Njia ya tatu ni mimea yenye dawa ndani yake. Mwaka 1958 wataalamu wa Uholanzi, Uhlenbroek na Bijloo, walitenga katika mizizi ya Tagetes kemikali inayoua nematodi. Mmea huo hufaa ukipandwa shambani ukakua, kwa kuwa nguvu yake imo katika mizizi iliyo hai. Spishi yake moja ni gugu la kawaida katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na Wakikuyu huiita mubangi, kwa kufanana kwake na bangi. Mwalimu wa kilimo hana budi kulitafutia jina jingine kabla hajawashauri watu walipande. Mwarobaini umepata jina katika hesabu ya maradhi arobaini yanayosemwa kutibiwa nao. Majani yake, na hasa mashudu ya mbegu zake, yakichanganywa na udongo hupunguza minyoo fundo. Lakini jina hilo huahidi mengi, na hapa tena yafaa kusema hudhibiti, si huponya.

Walinzi wa udongo

Njia ya nne ndiyo ya ajabu kuliko zote, nayo ni maadui wa minyoo waishio ardhini. Mwaka 1888 Zopf wa Ujerumani alieleza kuvu iitwayo Arthrobotrys oligospora ikiwanasa nematodi hai. Hakuna lugha iliyojiandaa kueleza jambo hili kuliko lugha ya watu wanaotega. Kuvu hiyo hufuma wavu wenye utomvu unaonata; kwa Kiswahili huo ni ulimbo, uleule anaotega mtoto apate ndege. Kuvu nyingine za jamaa hiyo hufanya pete ya seli tatu, na mnyoo akiupitisha mwili wake, seli hizo huvimba ghafula na kumbana. Hilo ni tanzi. Kuvu iitwayo Pochonia chlamydosporia haitegi, bali huyaingia mayai na kuyala. Hiyo yaweza kuitwa kuvu mla mayai. Na bakteria aitwaye Pasteuria penetrans hujibandika juu ya ngozi ya mnyoo mchanga kama mbegu za kishona nguo juu ya kanzu, kisha huuota mwili wake, na jike huyo hukua lakini hana mayai ya kutaga.

Baadhi ya walinzi hawa hukuzwa viwandani na kuuzwa. Lakini wengi wamo ardhini tayari, nao huhitaji kulishwa. Mwaka 1937, huko Hawaii, Linford alionyesha kuwa majani mabichi ya mananasi yakikatwakatwa na kufukiwa, minyoo fundo hupungua, akaeleza kuwa kuoza kwake huwaamsha maadui wa asili wa minyoo. Samadi, mboji na mabua yaliyofukiwa yana kazi hiyo mbali na kurutubisha. Kuchoma mabua kila mwaka ni kuwanyima walinzi posho.

Njia ya tano haina gharama, nayo kwa nchi ya Lindi ni baraka ya kiangazi. Minyoo huhitaji maji ili waende. Mizizi ya nyanya na bamia ing'olewe mara mavuno yakiisha, ikaushwe na kuchomwa, na udongo ugeuzwe ukabili jua. Mizizi ikiachwa, na hasa bustani ya bondeni ikifuatishwa nyanya kwa nyanya, minyoo huvuka kiangazi wakiwa na chakula. Kadhalika miche yenye mafundo isipandwe hata mmoja, kwa maana asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Maneno yanayopendekezwa

Kwa ajili ya walimu, watunga kamusi na maofisa wa kilimo, maneno haya yaweza kushikwa:

Nundu (vinundu): uvimbe ubavuni mwa mzizi wa mimea jamii ya kunde, makazi ya bakteria wenye manufaa; husuguliwa ukaanguka.
Fundo (mafundo): uvimbe wa mzizi wenyewe uliosababishwa na minyoo, hausuguliki ukaondoka.
Minyoo fundo: nematodi wa jenasi Meloidogyne.
Minyoo vidonda: nematodi wa jenasi Pratylenchus, wasiofanya fundo bali madoa meusi na vidonda mizizini.
Mwenyeji mbaya: mmea ambao minyoo hawazaani ndani yake, au huzaana kwa shida.
Mmea mtego: mmea unaoingiwa na minyoo wasiweze kukua.
Ulimbo, tanzi: namna mbili za mitego ya kuvu zinasazo nematodi.
Kudhibiti: kuweka idadi ya minyoo chini ya kiasi cha kudhuru, si kumaliza.

Maneno haya yote, isipokuwa majina ya kitaalamu, yamo vinywani mwa watu tangu zamani. Lililo jipya ni mpaka uliowekwa kati yake. Mpaka huo waweza kufundishwa shambani kwa dakika moja, bila darubini. Shina la karanga ling'olewe taratibu kwa jembe, mizizi ioshwe, kisha mkulima mwenyewe ausugue uvimbe kwa kidole gumba. Ukianguka ni nundu, na shina lile lirudishiwe udongo. Usipoanguka ni fundo, na msimu ujao shamba lile lipandwe marejea.